Pampu Zote Saa Sita Kamili

Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote wawili. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kitindamimba wetu ameachana na kile kikohozi. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, nakula, nalala, na kazini naenda. Hali ya moyo utaisoma huko chini, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika katikati, na mimi ningeshukuru kukatishwa.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimeisoma mara nne. Mayai elfu mbili na mia nne, mzigo wa kwanza katika ile mashine yako kubwa ya kuangulia, siku ya ishirini, imebaki siku moja tu vifaranga watoke; halafu umeme unakatika saa sita mchana na kurudi saa kumi na mbili jioni. Walioanguliwa hawakufika hata mia. Uliandika kwamba mimi ndiye ndugu yako pekee aliye ndani ya shirika la umeme, basi nikutafutie mtu aliyekufanyia hivyo, mengine nikuachie wewe. Nimemtafuta, dada. Nitakuambia yote, ila niache nianze pale nilipoanzia mimi.

Unamkumbuka mkuu wetu wa chumba cha kuongozea umeme, yule tunayemwita Slaidi? Tulimbatiza hivyo kwa sababu bisibisi hajui kuishika, lakini mpe ukuta mweupe na mashine ya kurushia picha, atakuonyesha mishale na miduara ya rangi mpaka usinzie. Miaka mitatu iliyopita nilimpelekea mpango wangu. Nilikueleza wakati ule, ukasema hukuambulia kitu, basi leo nakueleza polepole kama mtu anayemfundisha shemeji kukoroga chai.

Mchana tuna jua la kumwaga. Lile shamba la paneli za sola, pamoja na paneli zilizo juu ya mapaa ya watu, hutoa umeme kuliko tunavyoweza kuutumia, na mwingine tunaukataa unapotea bure. Jioni jua likizama, kila mtu anawasha jiko na taa na pasi kwa wakati mmoja, na sisi tunawasha injini za dizeli, moshi mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Mimi nikasema mita mpya tulizofunga majumbani na viwandani zinaweza kupokea ujumbe na kujibu, kwa nini tunazitumia kama zile za zamani? Vinavyoweza kusubiri visubiri jua. Pampu za kujaza matangi ya maji na vyumba vya barafu havijali vinafanya kazi saa ngapi, mradi tangi lijae na barafu igande. Mita ziviamshe mchana na kuvilaza jioni, dizeli ipungue. Visivyoweza kusubiri, kama hospitali na mashine za kuangulia, visiguswe hata kidogo. Hicho cha mashine za kuangulia nilikiandika nikikufikiria wewe.

Ukurasa wa tisa wa mpango huo ndio uliokuwa roho yake. Mota ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au sita ya ule inaotumia ikishachanganya. Ukiamsha pampu mia mbili kwa mpigo mmoja, laini inazidiwa na kila kitu kinakatika. Kwa hiyo niliandika kwamba kila mita ijipangie dakika yake, moja saa sita na dakika tatu, nyingine na dakika kumi na saba, kama watu wanaotoka mlangoni mmoja mmoja. Ukurasa huo ulinigharimu miezi miwili.

Slaidi alikaa na mpango wangu miezi saba. Kila nikimuuliza, alisema ni mambo ya kitoto, atautazama akipata nafasi. Siku moja tukaitwa ukumbini, wakubwa wote wamekaa mbele, taa zikapunguzwa, na nikaona michoro yangu ukutani. Niliitambua kwa lile tangi la maji lenye miguu mitatu, maana kalamu iliniishia wino kabla ya mguu wa nne. Chini yake palikuwa na jina la Slaidi. Shirika letu lina kawaida yake, mpango ni wa yule anayeuwasilisha, wala hakuna anayeuliza uliandikwa na nani. Nilimfuata kwenye korido. Akaniambia mbele za watu kwamba wazo si mtu, halina kitambulisho, na nishukuru la kwangu limepata mtu mzima wa kulibeba. Watu wakacheka. Mwezi uliofuata akanihamishia stoo ya chini kupima mita za zamani, chumba kisicho na dirisha, kiti chenye mguu mfupi uliowekewa matofali. Nilikaa humo zaidi ya miaka miwili. Nilimchukia, dada, sitafuti neno laini. Nilimchukia nikipanda ngazi, nikipiga mswaki, nikikata vitunguu.

Mwezi uliopita likabandikwa tangazo la uzinduzi kwenye ubao. Mgeni wa heshima angebonyeza kitufe saa sita kamili, na pampu zote zingeanza kwa mpigo mmoja, maji yaruke kwenye bwawa la uwanjani, watu wapige makofi. Injini za dizeli zingezimwa tangu asubuhi ili bomba lisionekane likitoa moshi kwenye picha. Nikatafuta nakala ya mpango wake. Ukurasa wa tisa haukuwemo. Kuamsha pampu moja moja kungemharibia shangwe yake, naye hakuwahi kuniuliza ulikuwa wa kazi gani. Nikarudi ubaoni kulisoma tena lile tangazo, nikitabasamu.

Kuna kitu lazima ukijue. Chumba cha kuongozea kina kitabu chekundu. Yeyote anayeona hatari, hata mfagiaji, anaandika mstari mmoja humo, na swichi haiguswi mpaka mkuu asome na kutia saini. Zamani niliwahi kuandika onyo juu ya transfoma iliyokuwa ikichemka, na Slaidi akalisoma kwa sauti ya kubana pua kama barua ya mapenzi, chumba kizima kikaangua kicheko. Ile transfoma iliungua wiki iliyofuata, na hakuna aliyecheka tena, lakini wala hakuna aliyeniomba radhi. Siku tatu kabla ya uzinduzi nilipanda juu, nikakifungua kitabu, nikatoa kalamu. Mstari ulikuwa mtupu, ukinisubiri. Nikarudisha kifuniko cha kalamu, nikashuka zangu stoo.

Siku yenyewe nilisikiliza kwenye redio ndogo ya stoo. Hotuba ndefu, watu wakahesabu pamoja kutoka kumi kurudi nyuma, kitufe kikabonyezwa, redio ikanyamaza na taa yangu ikazima. Nilicheka peke yangu gizani mpaka machozi yakanitoka. Walijaribu kurudisha umeme mara tatu, na kila mara ulikatika tena, kwa sababu mita zilikuwa bado zimeshika ile amri, zikipata umeme tu zinaamsha pampu zote pamoja. Na dizeli zilikuwa baridi, haziwezi kuwashwa kama kibiriti. Hakuna aliyejua kuiondoa amri ile isipokuwa mimi.

Saa nane mchana Slaidi akamtuma dereva anichukue. Nikamwambia dereva mimi ni mtu wa stoo, mambo ya slaidi siyawezi, amsalimie sana. Nikamimina chai ya chupa. Akatumwa tena, nikampa jibu lile lile na kumkaribisha chai. Saa kumi akashuka Slaidi mwenyewe kwa tochi, suti imemlowa jasho mgongoni. Alinisihi. Aliniita mama, mimi ninayeweza kuwa binti yake. Nikamwambia nitapanda kwa sharti moja, akasimame mbele ya wale wageni aseme mpango ni wa nani na ukurasa gani aliuchana. Akapanda, akasema. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza mpaka neno la mwisho, kisha nikaingia. Kuiondoa amri na kuzipasha moto injini kulichukua saa mbili.

Usidhani nilifanya mambo kama kipofu. Kabla ya siku ile niliuliza hospitali, wakasema jenereta yao imejaribiwa juzi na ni nzima. Niliuliza kiwanda cha oksijeni pia. Niliwahesabu wote walio kwenye laini ile, na wewe nilikuhesabu. Nilijua mayai yameingia mashinini tarehe gani, maana ulinipigia kwa furaha siku ile. Nilijua jenereta yako iko kwa fundi, uliniambia kwa mdomo wako. Jioni ya kuamkia uzinduzi nilishika simu, namba yako iko mbele yangu, neno lilikuwa moja tu, azima jenereta kesho. Nikamfikiria shemeji. Shemeji ana mdomo, dada, na yule dereva wa Slaidi hucheza naye bao kila akija huko. Neno lingefika, Slaidi angestuka, angeokoka. Nikaiweka simu chini. Nilikupima wewe na yeye, nikachagua kumwangusha yeye.

Na hata saa nane bado ningeweza kupanda ngazi. Umeandika kwamba hadi saa tisa ulikuwa unawasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda, nawe na watoto mnawapepea kwa magazeti wapate hewa, maana feni za mashine zimezima, mpaka mikono ikafa ganzi, halafu sauti zikapungua, zikaisha. Saa tisa mimi nilikuwa nakunywa chai, nikimsubiri mtu aje kunipigia magoti. Katika zile saa sita zako, mbili ni za Slaidi. Nne ni zangu.

Taarifa ya shirika imeandika hitilafu ya kiufundi. Usiiamini. Mtu uliyeniagiza nimtafute ndiye anayekuandikia.

Ungependa kusikia kwamba najuta. Kwako najuta, tena sana. Kwake yeye sijuti hata chembe. Sasa yuko stoo ya chini, amekalia kiti kile cha matofali, na kila asubuhi napita makusudi kumsalimia, shikamoo ya heshima zote, nasubiri mpaka aitikie. Mpango unafanya kazi, ukurasa wa tisa umerudi mahali pake, pampu zinaamka moja moja na dizeli tunayochoma jioni haifiki nusu ya zamani. Hata ubaya wangu umefanikiwa, na hilo ndilo linalonitisha.

Sikuombi msamaha. Ningekuwa wewe nisingeutoa. Sisi wawili damu yetu ni moja, wewe uliyemnunia shangazi miaka kumi na moja kwa sababu ya ndoo, najua unachoweza. Lipiza utakavyo, nitakaa kimya nipokee. Nakuomba kitu kimoja tu, dada, usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Lipiza sasa hivi, ukiwa bado unajua kiasi cha hasira unachonidai na ni nani asiyehusika. Mimi nilingoja mpaka nikasahau.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na waambie mikono yao ya kupepea naiheshimu. Shemeji msomee sehemu ya salamu peke yake. Mgongo upumzishe, usinyanyue trei za mayai bila msaada, hata kama zimebaki tupu.

Ni mimi mdogo wako,
mkuu mpya wa chumba cha kuongozea umeme.