Baba, Salim Alisema Hatasimama

Kwako baba yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, na Mola akuzidishie nuru kaburini. Ni mimi, binti yako uliyekuwa ukimwita Mdomo, na mdomo bado ninao. Nakuandikia kutoka Dixon, huku Kanada, kwenye maghorofa haya marefu ya karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege zikipita juu yetu mazungumzo hukatika na watu husubiri zipite ndipo wamalizie walichokuwa wakisema. Mwezi huu wa Mfungo Sita nusura mama ampoteze mdogo wangu Salim. Sina mwingine wa kumweleza hayo akanielewa.

Nianze na cherehani yako. Ulikuwa ukishona kanzu pale sebuleni kwetu Mombasa, mguu kwenye kanyagio, na huku unatusimulia maisha ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Hukuwa ukisoma popote. Sehemu za furaha ulikuwa ukikanyaga mbio, na kwenye majonzi unakanyaga polepole, hata sisi tukajua kutokana na mlio wa cherehani kwamba mtu anakaribia kufa. Ulipofika Taif ulisimamisha kabisa. Ukatuambia jinsi watu wa mji huo walivyomrushia mawe mpaka viatu vikajaa damu, na jinsi malaika alivyokuja kumuuliza kama awaangamize kwa milima, naye akakataa. Mimi nikasema ningekubali, tena papo hapo. Ulicheka mpaka uzi ukakatika. "Ndiyo maana wewe ni Mdomo tu," ukaniambia.

Salim yeye alipenda habari ya Halima. Alikuwa akikaa chini ya meza, kwenye vipande vya kitambaa, anasubiri wale wanawake wanyonyeshaji waingie Makka kutafuta watoto wa kulea. "Wote walimpita," ulikuwa ukisema, "kwa sababu ni yatima, na yatima hana baba wa kuwatunza." Salim analia. Kila mara analia, ingawa anajua kinachofuata. "Na Halima je?" "Halima naye alimpita. Kisha akarudi." Hapo ndipo alipofuta kamasi akatulia, na wewe ukaanza kukanyaga tena.

Na maulidi yako je, nitayasahau? Watu wamejaa mpaka barazani, wewe umevaa kanzu nyeupe inayonukia udi, unasimulia mpaka unafika pale Mtume anapozaliwa. Hapo husemi neno. Unasimama, na nyumba nzima inasimama nawe, na tunanyunyiziwa marashi vichwani. Mama alikuwa upande wa wanawake, na alikuwa akisimama kabla yako. Nilikuwa nikimtania kwamba siku moja atasimama Mtume hajazaliwa bado.

Ulipofariki nilimchukua mama nikaja naye huku. Magoti yamemwisha, na moyo wake hauko sawa. Anatembea kwa kile kifimbo cha magurudumu, cha kusukuma kwa mikono miwili, ambacho nawapa wazee kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na anakichukia kama mke mwenza.

Salim alikuwa ametutangulia, unajua. Kile usichokijua, kwa sababu hakutaka ujue, ni jinsi alivyoishi mwaka wake wa kwanza. Alikuwa hana mtu. Alikuwa akilala kwenye chumba cha chini ya nyumba, hana hata koti la maana. Waliomwokota ni vijana wa msikitini. Walimlisha, wakamtafutia kazi, wakamwozesha. Kwa hiyo simcheki kwa kuwasikiliza. Mtu akikupa koti wakati wa baridi, na maneno yake utayavaa. Na miongoni mwa aliyofundishwa ni kwamba maulidi ni bidaa, jambo la kuzua, na kwamba kusimama pale ndiyo balaa kubwa zaidi. Wewe aliwahi kukwambia kwa simu. Ulimjibu, "Mwanangu, mpende Mtume unavyoweza, na mimi niache nimpende ninavyoweza," kisha ukamuuliza habari za watoto.

Sasa mwaka huu mama akasema, "Nataka maulidi ya baba yenu." Hivyo tu, anamenya viazi. Mama haombi kitu, baba. Daktari alikuwa amezungumza nami wiki ile kuhusu moyo wake, na ingawa sikumfasiria yote, nadhani uso wangu ulimfasiria.

Nikamwita Salim nyumbani. Alikunywa chai, akasikiliza, akaweka kikombe chini taratibu. Ile taratibu yake ndiyo inayoniudhi.

"Dada, masahaba walimpenda Mtume kuliko sisi. Na hawakuwa wakimsimamia akiingia, maana walijua hapendi."

Na mimi nikikosa jibu napandisha sauti.

"Kwa hiyo baba yuko motoni?"

Alibadilika rangi. "Sijasema hivyo. Usinitie maneno kinywani."

"Umesema."

"Sikusema! Baba alifanya kwa alivyojua. Mimi nimejua mengine, nitajibu nini kwa Mola wangu?" Akasimama, akachukua funguo. "Wanangu hawatakaa kwenye jambo hilo. Mkisimama tu, natoka nao, na hapa sirudi tena. Wallahi sirudi."

Aliapa, baba. Na unamjua Salim, si mtu wa kuapa halafu akatafuta njia ya kutokea. Watoto wale ndio wajukuu pekee alio nao mama. Wao wanamsemesha Kiingereza, yeye anawajibu Kimvita, na sijui vipi, wanaelewana. Nikaona mlango wetu bila wao. Nikaona mama amekaa dirishani siku za Jumamosi, anauliza kama lifti imeharibika.

Kuta za huku ni kama karatasi. Mama akatoka chumbani na kifimbo chake, akasimama kati yetu.

"Nani atasoma?"

Salim akazichezea funguo mkononi.

"Nauliza nani atasoma. Baba yenu hayupo."

Na hapo Salim, sijui alivutwa na nini, akasema atasimulia yeye. Maisha ya Mtume tu, kama yalivyo. Hakuna kaswida, hakuna matari, na hakuna kusimama. Kwa sharti hilo atakuja, na watoto atawaleta.

Mama akamtazama. "Sawa," akasema, akarudi chumbani. Sikuipenda ile sawa. Mama tangu lini akakubali jambo kwa neno moja?

Tulifanya Jumapili baada ya Adhuhuri, kwenye ukumbi wa chini ya jengo letu. Udi tuliufukiza juu nyumbani, kwenye nguo, tena madirisha wazi, maana mwaka mmoja Bi Zuhura aliwasha chetezo kule ukumbini, king'ora kikalia, na jengo zima likashuka barabarani na watoto mgongoni kusubiri gari la zimamoto. Bi Zuhura ni mama mmoja wa Unguja anayekaa ghorofa ya juu yetu. Nilimweleza sharti la Salim nikamwomba anyamaze siku moja tu katika maisha yake.

"Mie sikuja Kanada kufundishwa kumpenda Mtume," akasema. Lakini akaja, na kaimati akaleta.

Salim alifika na mkewe na watoto. Alikuwa amevaa kanzu uliyomshonea wewe, ila ameipandisha pindo juu ya vifundo vya miguu, kama wale vijana wa msikitini. Aliwaketisha watoto kwenye viti vya karibu na mlango. Niliona hivyo, na mama aliona.

Basi akaanza. Baba, sikuwa tayari. Ile sauti! Anapandisha pale ulipopandisha, anakaa kimya pale ulipokaa kimya. Miaka yote nilidhani yale ameyatupa pamoja na mengine, kumbe alikuwa nayo yote, neno kwa neno. Mama alifumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na birika la kahawa, na mrashi wa kunyunyizia marashi nimeuficha kwenye mtandio, kwa nini niliuchukua sijui, mazoea tu.

Akasimulia Abdullahi, baba yake Mtume, anavyoondoka na msafara na mkewe ana mimba. Akasimulia anavyougua njiani na kufia Yathrib, na habari zinavyomfikia Amina, bibi harusi wa juzi, kwamba mtoto atazaliwa hana baba. Akasimulia ile nuru aliyoiona Amina, iliyomwangazia hata majumba ya Sham. Na hapo nikahisi chumba kinaanza kubadilika. Wanawake wanajifunga kanga vizuri. Bi Zuhura ameweka kikombe chini. Miguu inavutwa chini ya viti. Watu hawa wamesimama mahali hapa tangu wako migongoni mwa mama zao, na miili yao haikuwa na habari ya sharti.

Salim aliona. Akaharakisha, kama mtu anayevuka barabara. "Basi akazaliwa, na baada ya hapo babu yake akamchukua..."

Mama akaweka mikono kwenye kiti akaanza kuinuka.

Salim alinyamaza katikati ya sentensi. Bi Zuhura akasimama, kisha wa nyuma yake, kisha wengine, viti vinakwaruza sakafu, na mimi namtazama ndugu yangu, na ndugu yangu anatazama mlango. Mkewe alikuwa ameshamshika binti yao mkono. Nilitaka kumpigia mama kelele akae. Nilimkasirikia, baba, nakwambia kweli. Nilisema moyoni, sasa umeuza wajukuu zako kwa ajili ya dakika moja.

Na mama hata hakuwa amefika juu. Alikuwa amekwama katikati, mgongo umepinda, na kile kifimbo kiko mbali kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kiwekwe karibu. Mimi niko nyuma ya safu nzima ya watu. Goti likamwachia.

Salim alimfikia kabla sijatoka kwenye birika. Sikumwona akivuka. Nilimwona tu amemdaka kwapani, mikono miwili, kama unavyomdaka mtoto kwenye ngazi.

"Mama, kaa."

"Sikai."

"Mama, magoti yako."

"Basi nishike."

Chumba kizima kimesimama. Salim alikuwa anaweza kumkalisha kwa nguvu, mama ni mwepesi siku hizi, unaweza kumwinua kwa mkono mmoja. Hakumkalisha. Alijisogeza nyuma yake, akampa kifua aegemee.

"Endelea, baba," mama akamwambia.

Akaendelea. Alisimulia amesimama vile vile, kichwa ameinamisha, na mama ameshikwa mbele yake. Hakuna aliyeimba. Bi Zuhura alikuwa akitiririkwa na machozi na kwa mara ya kwanza hana la kusema. Mrashi nilikuwa nao na sikuthubutu kunyunyiza hata tone, niliogopa kitu chochote kitakachomfanya Salim akumbuke kiapo chake. Binti yake mdogo akamuuliza mamake kwa Kiingereza kwa nini watu wote wamesimama, na mamake akamwambia nyamaza, bibi anasikiliza.

Mama ndiye aliyesema, mwisho, "Sasa nikalishe." Akamkalisha, akamrekebishia mtandio, na tukala pilau kama watu ambao hawakuponea chupuchupu.

Kwenye lifti tulikuwa wawili tu, mimi na Salim na masufuria.

"Dada, sikusimama mimi. Nilimshika mama."

"Najua."

"Na bado nasema haifai."

"Nimekusikia, Salim."

"Jumamosi nitawaleta watoto," akasema, akashuka kwenda kutafuta gari lake. Ningefungua kinywa ningelia, na mimi mbele ya Salim silii.

Sikwambii kwamba tumepatana. Juzi tu tumegombana tena kuhusu kukusomea hitma, na alikata simu. Nina hasira naye hata ninapoandika. Lakini wiki hizi najikuta nakitazama kile ulichokuwa ukikisimulia pale kwenye cherehani kwa namna nyingine. Nilikuwa nikidhani unatusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishi zamani, ili tumjue. Sasa naona ulikuwa unatuzoesha sisi wawili kumlilia yatima mmoja, tukiwa bado wadogo, kabla hatujapata akili za kubishana. Mimi namlilia kwa njia yangu. Salim kwa yake. Yeye anaogopa kumwongezea Mtume jambo asilolitaka, mimi naogopa kumpunguzia, na sote tuna hofu ileile ya mtu anayependa. Hili siwezi kumwambia uso kwa uso. Ataniuliza ushahidi.

Jana nilikuwa namkanda mama miguu kwa mafuta, akaniuliza ghafla, "Salim alisimama siku ile, sivyo?"

Nikababaika. Nikisema ndiyo, nitamsingizia ndugu yangu. Nikisema hapana, nitamvunja yeye, na moyo wenyewe ndio huo. Nikamwambia, "Alikushika, mama."

"Alinishika," akasema. Ndege ikaja, akaisubiri ipite. "Mimi nilisimama kwa ajili ya Mtume wangu, sikufanya mchezo. Lakini kile kifimbo nilikiweka mbali makusudi. Mimi naondoka, mwanangu, usinifiche, nimeuona uso wako. Nilitaka kujua nikianguka, atakuja?"

Nakuombea, baba, na wewe tuombee ukiweza.

Ni mimi bintiyo, na mdogo wangu Salim, ambaye hajui kwamba nimemtia kwenye salamu hizi.