Koti la Kuonekana Ukunguni

Matsumoto,
22 Julai 2019

Mpendwa Dada Toyoko,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bunji, na kwamba mpunga wenu umesimama vizuri baada ya mvua za mwezi uliopita. Huku mvua zimekatika tangu siku tatu zilizopita. Asubuhi milima inaonekana yote, na majirani wameanza kuanika magodoro. Mimi ni mzima. Ninakula. Najua hilo ndilo utakalouliza kwanza, basi nalijibu mapema: nakula mara tatu kwa siku, na nyanya za bustani ya marehemu mke wangu Mitsue zimeanza kuiva. Ya kwanza nilimwekea mbele ya picha yake kabla sijaonja.

Asante tena kwa siku nne ulizokuja kukaa nami mwezi wa tano. Uling'oa magugu yote, ukanipangia kabati la jikoni kwa namna ambayo mpaka leo natafuta chumvi. Sikukushukuru vizuri siku ile pale stesheni. Nilishika mfuko wako tu, treni ikaja.

Habari yangu ni kwamba juzi Jumamosi nilinunua koti la mvua la kupandia mlima. Najua utashtuka, lakini soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Nilikwenda dukani na Kurata, yule fundi mwenzangu wa karakana ya treni mwenye kucheka kwa pua. Nilimwomba anisindikize, na nikajuta tangu mlangoni. Alimwambia binti wa dukani, anayeitwa Honami, kwamba koti ni koti, na kwamba zamani sisi tulipanda kwa mashuka ya plastiki tukarudi salama. Binti akamuuliza kwa adabu kabisa, “Na wasiorudi, babu, wao wanasemaje?” Kurata akageukia rafu ya soksi, nami nikapata nafasi ya kuvaa makoti mawili.

Binti huyo anaijua kazi yake. Alinivisha kwanza sweta zito, maana koti linalokaa vizuri juu ya shati hubana juu ya sweta, na huko juu hata mwezi wa nane mtu huvaa sweta. Alinivutia kofia ya koti kichwani akaniambia nitazame kushoto. Kofia ikibaki mbele nawe ukabaki unatazama kitambaa, alisema, koti hilo rudisha. Alinipa glavu nifunge zipu nikiwa nimezivaa. Akanieleza pia habari ya jasho: koti linalozuia mvua lakini likafungia jasho ndani litakulowesha vilevile, kwa sababu kiangazi mtu hupanda akitokwa na jasho, kisha akifika kwenye ukingo wa mlima upepo unamkuta amelowa. Na suruali ya mvua ni lazima, la sivyo maji yote ya koti yanashukia kwenye viatu.

Kisha nikafanya jaribio la Mitsue. Sijui kama uliwahi kumwona. Dukani alikuwa akiinua mikono yote miwili juu kama anayeanika nguo, na tumbo likionekana alilirudisha koti bila kuuliza mengine. Nami nikainua mikono katikati ya duka. Kurata akauliza kama najisalimisha kwa polisi. Tumbo halikuonekana, Dada. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Tulipofika kwenye rangi, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye la kijivu. Makoti yangu yote yamekuwa ya kijivu. Mitsue alikuwa akilalamika kwamba siku moja atanipoteza kwenye mawe na kushuka na mzee wa mtu mwingine. Niliukunja mkono, nikamwomba Honami lile la rangi ya machungwa, la kung'aa, ambalo kwa umri wangu ni aibu. Kurata alisema sasa nimekuwa karoti, na kwamba akinialika kwake itabidi mkewe anifiche nisiliwe na sungura. Binti alicheka mpaka akaziba mdomo. Hata mimi nilicheka, na nilipojisikia nikashangaa.

Nilikuwa nimelibeba koti langu la zamani ili binti alinganishe kipimo. Alipoligeuza ndani, utando mkavu mweupe ulipukutika mezani kama magamba ya samaki. Ndani lilikuwa limebanduka lote, na tepe za kwenye mishono zinaning'inia. Akaniuliza nililiweka wapi. Nikasema kabatini, limekunjwa ndani ya mfuko wake. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema wazee wengi wanakosea hapo hapo, wanalikunja kwa heshima kama nguo ya sherehe, na unyevu wa majira ya mvua unaila gundi taratibu. Koti la mvua hufuliwa, hukaushwa, halafu hutundikwa. Kurata akasema ajuaye kulaza koti kama mtoto ni mimi Kiyoharu peke yangu. Sikuwaambia aliyelikunja ni nani.

Alilikunja Mitsue, kiangazi chetu cha mwisho, kabla hatujajua ugonjwa wake. Alikuwa na namna yake: mikono ndani, kofia ndani, halafu analizungusha na kulikandamiza kwa goti mpaka liwe dogo kama andazi. Alipofariki sikutaka kuufungua mkunjo ule. Nililiacha kabatini karibu mwaka mzima, na mara nyingine nilifungua mlango nikalitazama tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Siku tuliyoweka kaburini mifupa yake iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, uliniomba kitu kimoja, nisiende mlimani bila kukuambia. Nilikuitikia. Na mwezi wa nane mwaka jana, nilipokuambia kwamba nimekwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto na wastaafu wenzangu, nilikudanganya. Nilikuwa mlima Jonen, peke yangu.

Pale njia inapoanzia kuna sanduku la fomu. Kila mpandaji huandika jina lake, njia, siku ya kushuka, rangi ya koti lake ili wakimtafuta wajue waangalie nini, na jina la mtu wa kupigiwa simu. Kwa miaka ishirini na minane fomu hiyo aliijaza Mitsue. Mimi nilikuwa nikimshikia fimbo. Siku ile nilisimama na kalamu, nikaisoma fomu mpaka kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu, nikairudisha ikiwa tupu. Sikwenda kufa, Dada, na nakuomba uniamini. Lakini nilikuwa nimeacha kujali kama nitarudi. Sijui kama tofauti hiyo ni kubwa. Wakati ule niliiona kubwa.

Mvua ilinikuta juu, mahali pasipo na miti. Nikalitoa koti mfukoni, na ndipo nilipoufungua mkunjo wa Mitsue, kwa vidole vilivyokufa ganzi, na lile vazi likabanduka mikononi mwangu. Nililivaa hivyohivyo. Maji yaliingia kama yanaingia kwake. Nilitetemeka sana, halafu sikutetemeka tena, nikaona usingizi mzuri unakuja, nikakaa nyuma ya mwamba. Koti la kijivu kwenye mawe ya kijivu, ukungu umetanda. Hakuna ambaye angeniona.

Hakuniona mtu kweli. Walipita akina mama wanne kutoka Nagoya, wote wamepita miaka sitini, wanapiga kelele ili wasipotezane ukunguni. Wa mwisho, Bi Setsuyo, alinikanyaga mguu. Alipiga ukelele: “Jamani, hili jiwe lina viatu!” Ndani ya dakika chache walikuwa wamenivua, wamenivisha vyao, mmoja ananisugua mgongo kama anakoboa mpunga, mwingine ananitukana ili nisilale. Aliniita zezeta, akaniita mzee wa makumbusho, akaniuliza kama hilo ni koti au gazeti. Bi Setsuyo aliniuliza nani apewe habari zangu. Nikasema sina mtu.

Alikuwa akipekua mfuko wangu kutafuta chakula. Akatoa ile chupa ya plamu, yale matunda machachu ya kutiwa chumvi unayonitengenezea kila mwaka, akasoma kifuniko kwa sauti. Unakumbuka uliandika nini? “Kiyoharu, mbili tu kwa siku. Una presha.” Wote wanne wakaangua kicheko kwenye mvua ile. Bi Setsuyo akanitazama usoni: “Huna mtu, na kuna mtu anakuhesabia plamu? Mwongo mkubwa wewe.” Akanitia moja mdomoni kwa vidole vyake. Ilikuwa na chumvi hasa. Nililia, nao wakajifanya wanaamini kwamba ni kwa sababu ya plamu. Kisha wakanisimamisha, wakanishusha katikati yao mpaka kwenye nyumba ya kulala wapandaji.

Haya ndiyo niliyoshindwa kukuambia mwezi wa tano ulipokuwa umeinama kwenye magugu. Mara tatu nilifungua mdomo. Nisamehe kwa uongo, na nisamehe kwa kusema sina mtu. Kifuniko kile ulikiandika ukiwa jikoni kwako, pengine umesimama, pengine unaninung'unikia. Hukujua unafanya nini. Nakushukuru, Dada. Nakushukuru kila siku niketipo kula.

Bi Setsuyo na wenzake watapanda tena mwaka huu, nao wameniandikia kuniita. Tutakutana huko juu tarehe mbili Agosti, na tutashuka tarehe tatu. Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya fomu. Nimeijaza mwenyewe, kwa hiyo mwandiko ni mbaya. Utaona njia, siku na rangi ya koti. Kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu nimeandika: Toyoko Hirasawa, dada. Saa kumi na mbili jioni ya tarehe tatu ikipita bila kunisikia, namba ya polisi iko chini ya ukurasa, wapigie bila kusita na uwaambie watafute rangi ya machungwa. Lakini nitakuwa nimepiga mapema zaidi. Na kama unaona nisiende, andika uniambie. Safari hii nitakusikiliza.

Msalimie shemeji Bunji, mwambie apumzishe goti lake. Wasalimie majirani wanaoniulizia. Mitsue angekusalimu pia.

Tarehe tatu, ukiwa shambani au jikoni, popote utakapokuwa, naomba unikumbuke.

Mdogo wako,
Kiyoharu