Namba 38, Dawa ya Kikohozi

Jumanne, 1 Machi 1966. Homa Bay

Nimebadilisha magazeti ya vibanio vyote vya kukaushia mimea tena. Mvua imewahi na karatasi hazikauki. Mimea minne tuliyochuma Macalder imeota ukungu. Nimeitupa. Daktari Mutiso hajauliza, nami sijasema.

Kazi yetu ni kuuliza watu dawa zao za miti, kuchuma, kukausha, kuandika namba na ugonjwa. Kisha Daktari anachemsha na kujaribu. Yeye ni mkemia, mtu wa Machakos. Mimi ni msaidizi, mkalimani, na wa kulaumiwa gari likikwama.

Sasa anataka dawa za Uriri. Kila aliyeulizwa amemtaja mtu mmoja: Min Akinyi, nyamrerwa, anayezalisha wanawake na kutibu watoto. Huyo ni mama mkwe wangu. Nimemwambia Daktari atafute mkalimani mwingine. Amesema hakuna.

Akinyi, mke wangu, anakohoa tangu mvua ianze. Mimba ya miezi saba na kikohozi, halali vizuri.

Ninaandika Kiswahili kwa sababu Akinyi anakisoma kwa shida. Mambo ya mama yake afadhali yakae humu.

Alhamisi, 3 Machi. Uriri

Mama mkwe ameketi mlangoni pa jiko lake, mgongo kwetu. Mimi kwenye kigoda karibu na ghala, macho kwenye viatu. Ndivyo inavyopasa. Mkwe hamkodolei macho mama wa mkewe. Daktari amesimama katikati, anageuza shingo huku na huku, ana mafua na hana subira.

Mama anajua Kiswahili cha sokoni vizuri. Leo hakujua hata neno. Kila kitu kimepitia kwangu.

Dawa saba. Homa, minyoo, upele, jino, macho, kuhara. Ya saba ni kijiti kifupi chenye mizizi myekundu. Hapo alinyamaza. Nilirudia swali. Akanyamaza zaidi. Daktari akakohoa. Ndipo mama akasema ni ya kikohozi. Nikaandika: Namba 38, kikohozi.

Alichimba mwenyewe. Mzizi mmoja upande wa jua kuchomoza, mmoja upande wa jua kuzama, mingine akaiacha. Kwenye shimo akatia punje ya mtama. Daktari alitaka shina lote. Mama akaiambia hewa, si mimi:

"Ukimaliza mti leo, kesho utaomba nani?"

Sikutafsiri vizuri. Nilisema tu hapana.

Ijumaa, 4 Machi. Homa Bay

Tumechemsha. Daktari amewanywesha sungura wawili Namba 38. Mwenye kuwauza aliapa kwamba ni madume.

Nimekata kipande cha mzizi, kidole kimoja hivi. Nimekimenya, nikakiponda, nikakifunga kwenye gazeti. Ni wizi, najua. Lakini dawa ya mama kumtibu mtoto wake mwenyewe, mtu ataibaje?

Nimefika nyumbani jua limezama. Sabato imeingia, Akinyi ameshazima moto. Amesema atachemsha Jumapili.

Jumamosi, 5 Machi

Kanisani. Amekohoa mahubiri yote. Watu wakageuka kututazama.

Jumapili, 6 Machi

Nilikwenda kuwapa sungura majani asubuhi. Si madume. Wote wawili wameharibu mimba. Vitoto visivyo na manyoya juu ya nyasi, na damu.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Nilipoingia, sufuria ilikuwa motoni na kikombe pembeni. Niliipiga teke. Maji yalimwagika, mengine mguuni kwangu. Akinyi akauliza kama nimeingiwa na wazimu.

Nikamweleza. Hakuwa amekunywa. Alisema maji yalipogeuka mekundu alianza kushangaa, maana mama yao aliwapa asali tu wakikohoa, hajawahi kuwapa mzizi. Kisha akauliza nani alisema ni ya kikohozi. Nikasema mama yako. Alimwambia nani? Mimi.

Akakaa chini.

"Okeyo, wewe ni mkwe. Ulitaka akutajie damu ya wanawake?"

Mzizi ule hupewa mama aliyekwisha kujifungua, kondo limetoka, na damu inakataa kusimama. Kamwe si kabla. Hilo hawezi kulitamka mbele yangu, hata akifungwa kamba. Daktari alipokohoa, akashika ugonjwa uliokuwa karibu.

Mimi ni mpumbavu. Kila mtu wa hapa angejua. Nilishika daftari la serikali nikasahau mimi ni nani. Mguu unauma.

Jumatatu, 7 Machi

Daktari ameona sungura. Nimemkuta anaandika barua kwa wakubwa wa wilaya: kuna mwanamke Uriri anagawa sumu kama dawa ya kikohozi, azuiwe.

Nimemweleza yote. Amesikiliza, kalamu haikusimama.

"Bwana Okeyo, maneno ya bibi yako si utafiti. Nataka kusikia kwa mwenyewe. Kwani haya ni ya nini? Mficha uchi hazai."

Nimemjibu kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwa amekaa mbele ya mama mkwe. Hakucheka. Barua itaondoka na basi la Alhamisi. Nikimletea ukweli kabla ya hapo, sawa.

Barua ikifika, chifu ataisoma barazani. Uriri neno sumu likishatamkwa halirudi. Mama mzee akiitwa mtoa sumu, hakuna atakayekunywa maji kwake, na nyumba yake yaweza kuchomwa. Amezalisha nusu ya watoto wa pale. Na aliyeandika kikohozi ni mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nimemwogopea kuliko ninavyojiogopea. Hili ni jipya kwangu.

Jumatano, 9 Machi. Uriri

Akinyi ametafsiri. Tumbo lile, njia ile, matope yale, hakulalamika. Mimi nimebaki nje ya ua wa minyaa, karibu na gari, ili mama aweze kusema.

Zaidi ya saa moja. Nilisikia sauti ya Daktari, kisha ya Akinyi. Kisha kimya kirefu. Nikafikiri amekataa. Halafu nikasikia mama mkwe anacheka. Miaka miwili nimemwoa binti yake na sijapata kumsikia akicheka.

Daktari ametoka na kurasa tano, zimejaa. Tulipofika Rongo, njiani kurudi, alizifungua tena.

"Ile ya minyoo si ya minyoo," akasema.

Nikauliza ya jino. Ya jino ni ya jino. Lakini katika saba, tatu zilikuwa za adabu tu. Hata ile ya upele. Sikuuliza ni ya nini hasa, wala sitauliza.

Akasema ningemwambia mapema. Nikamkumbusha kwamba nilimwambia atafute mkalimani mwingine. Akatoa barua mfukoni akaichana vipande vidogo. Nilifurahi, nikaficha.

Akinyi amerudi na kifurushi kutoka kwa mama, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba. Amekichomeka kwenye paa, juu ya kitanda. Nikauliza ni nini.

"Ya kikohozi," akasema.

Alhamisi, 10 Machi. Homa Bay

Lebo mpya. Namba 38: damu baada ya uzazi. Kamwe si kabla. Nimepigia mstari mara mbili.

Lebo ya zamani nimeibandika humu. Inanifaa kuiona.

Daktari anataka sungura wengine. Safari hii nitawachagua mwenyewe.

Jumanne, 3 Mei

Akinyi amejifungua adhuhuri. Msichana. Amelia vizuri.

Kondo limetoka. Halafu damu. Haikusimama. Mkunga, jirani yetu, aliomba vitambaa, akaomba vingine, akaacha kuomba. Nilikuwa mlangoni. Gari liko Macalder na Daktari.

Akinyi mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo:

"Okeyo, leta kikohozi."

Nimekichomoa kile kifurushi paani, ndani mizizi ileile myekundu, nimechemsha. Sijui nilipimaje, mkunga alinielekeza. Amekunywa. Nikatoka mbio kwenda hospitali. Niliporudi na nesi na machela, damu ilikuwa imepungua, inatiririka kidogo tu. Nesi amemdunga sindano yake hata hivyo, wamemchukua wodini. Amelala. Mikono yake ni baridi lakini ananishika.

Ni mzizi, au ni bahati, au ingesimama yenyewe? Daktari atasema mtu mmoja si ushahidi. Kweli. Leo sijali. Niliogopa mpaka nikasahau namba ya nyumba yetu nesi aliponiuliza.

Jumapili, 8 Mei. Uriri

Nimekwenda peke yangu kupeleka habari. Kigoda kilekile, karibu na ghala. Mama mlangoni pa jiko, mgongo kwangu, anapepeta mtama. Hapakuwa na wa kututafsiria. Tumekaa.

Alipomaliza ungo wa kwanza akaniita mkwe kwa lugha yetu, mengine kwa kile Kiswahili cha sokoni asichokijua:

"Ora, kikohozi imeisha?"

"Imeisha, mama. Wako wawili, na wote wanakula."

"Ber," akasema, yaani vema. Ungo ukasimama kidogo mikononi mwake, kisha akaendelea.

Akaingia ndani, akatoka na bakuli la karanga. Akaliweka chini, katikati ya jiko na ghala, akarudi kuketi. Nilingoja mpaka alipogeuka kabisa, ndipo nikaenda kulichukua.