Kufuli Lako Ninakurudishia

Nyumba ya Marehemu Mzee Pandu,
Tunguu, Unguja.
Ijumaa, 5 Julai 2024

Mpendwa kaka yangu Muhiddin,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute huko Maskati u mzima wa afya, presha imeshuka na joto limekuhurumia. Wifi yangu Tahiya goti lake linaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua aliyoniletea mwaka jana ilinifaa sana, naona mwenyewe hakuitumia. Wanao Ubwa na Saadiya nao hawajambo? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Masika yametuachia matope na muhogo wa kutosha. Lile jino langu lililokuwa likinisumbua nimeling'oa, kwa hiyo sina tena sababu ya kunyamaza.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, kisha mtandao unakatika, au wewe unasema umekatika. Anayekuletea barua hii ni Shemsa, mtoto wa marehemu dada yetu, na nimemwagiza akae mbele yako mpaka uimalize.

Nianze na chupa. Kile kipande cha video ulichorushiwa ni cha nusu dakika. Nimo mimi, ninapiga makofi kwenye stoo yetu ya nazi katikati ya wanafunzi wa chuo, na nyuma yangu dirishani imesimama chupa bapa ya pombe. Nasikia huko mmeshahukumu kwamba Mize binti Pandu amefungua baa kwenye nyumba ya baba. Kaka, ndani ya chupa ile mna asali. Tangu lini asali ya vijijini huku ikauzwa kwenye chupa nyingine? Wewe mwenyewe ulikuwa ukilamba kizibo mpaka mama anakupokonya. Miaka arobaini ya ugeni imekusahaulisha, hilo nimelisamehe. Lakini ungeniuliza. Hukuniuliza, ukaamini, na hilo limeniuma kuliko neno baa lenyewe.

Tunguu uliyoiacha ilikuwa mihogo na minazi. Siku hizi ni mji wa wanafunzi, kila mwenye chumba amepangisha na kila kibanda kinatoa fotokopi. Na wanafunzi hao wana muziki wao, wa chini kwa chini. Wanachukua mapigo ya kidumbak, ile ngoma ya harusi ya wazee wetu, wanatia maneno yao ya haraka haraka ya kisasa. Ukumbi hawapewi, wenye nyumba wanawafukuza, basi hupiga kwenye nyumba zisizokwisha kujengwa na kwenye mabanda ya kuku. Mwaka jana niliwakuta nyuma ya tangi langu la maji, wamezifunika ngoma mablanketi zisisikike. Nilikasirika, kaka. Ngoma inafunikwa blanketi, imeshikwa na homa?

Nikawafungulia stoo. Niliwapa masharti: hapavutwi sigara, dakika kumi kabla ya adhana kila kitu kinyamaze, na anayekula kwangu aoshe sahani. Hawajavunja hata moja, na wapo watu wazima wa mtaa huu ambao siwezi kuwasifu hivyo.

Miongoni mwao yumo Zuleikha, msichana wa Makunduchi anayesomea utangazaji. Mwaka mzima amewafuata na kamera, akatengeneza filamu ya watu wa kweli, hakuna kuigiza. Nimeiona. Yumo Riyama, ambaye mama yake analima mwani Paje, anaimba mikono ya mama ilivyochubuka kwa chumvi ili yeye ashike kalamu. Nililia, na mimi unanijua si mtu wa kulia ovyo. Walikwenda kuomba ukumbi wa kuionyesha wakaambiwa wasubiri ruhusa, na hiyo ruhusa mpaka leo haijulikani iko meza gani. Nikawaambia itaonyeshwa stoo kwangu, maana mle ukifunga dirisha ni giza hata mchana. Jumamosi ya tarehe 13, baada ya Alasiri, inshallah.

Ndipo ukamtuma Hamid na kufuli.

Maskini mdogo wetu alikuja Jumanne, hanitazami usoni. Akaifunga stoo na ala zote zimo ndani. Akasema, "Dada, mie nnatumwa tu. Kaka kasema." Nikamjibu, "Nshakusikia. Sasa kanawe, ule." Akala. Alipokuwa anakula nikamwita fundi wa kuchomelea vyuma aliyepo barabarani, na Hamid hajamaliza mchuzi wake kufuli likawa vipande viwili. Usimgombeze. Amekutii wewe, kisha amenitii mimi, na mchuzi ulikuwa wa pweza.

Kufuli hilo ninakurudishia. Shemsa analo, limo kwenye mfuko wa ubuyu, vipande vyote viwili. Ni mali yako. Stoo ni fungu langu, tuligawiwa mbele ya Kadhi na wewe ukatia saini. Nina miaka hamsini na mitano, nimezika mume, nimesomesha watoto watatu kwa nazi za stoo hiyo hiyo. Wewe ni kaka yangu mkubwa na heshima yako kwangu haijapungua hata chembe, lakini sifungiwi mlango wangu na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Hata ukituma makufuli kumi, fundi yupo na pweza yupo.

Sasa hapa soma polepole.

Tulipokuwa tunaisafisha stoo mwaka jana, nyuma ya rundo la makumbi ya nazi nililitoa sanduku la kidumbak. Lile la majani ya chai, lenye fimbo na uzi wa kupiga. Uzi umeoza, mbao nzima. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu M.P. 1983. Unakumbuka ulipaka rangi hiyo kwa brashi ya viatu ya baba? Harusi gani ya kutoka hapa mpaka Fumba ilichezwa bila wewe na sanduku lako? Watu walikuwa hawaulizi bwana harusi ni nani, wanauliza Muhiddin anakuja?

Baba alipotaka kulichoma ili uache ngoma, alikwambia wewe kwamba ameshalichoma, na ukaondoka kwenda Maskati ukiamini hivyo. Hakulichoma. Mimi nililificha. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilichapwa bakora mpaka kanga ikashika damu, na sikusema lilipo. Sikukwambia miaka yote kwa sababu nilidhani siku moja utaniuliza. Leo nimechoka kungoja swali.

Riyama amelitia uzi mpya, na ndiye anayelipiga. Mlio wake umo chini ya kila wimbo wa filamu ile. Zuleikha aliniuliza M.P. ni nani, nami nikamjibu mbele ya kamera: Muhiddin bin Pandu, kaka yangu, mpiga sanduku hodari kuliko wote niliowasikia. Uliponigombeza kwenye simu, Zuleikha kwa adabu yake alisema atakikata kipande hicho. Nimemkataza. Jina lako halitoki.

Wifi Tahiya msalimie sana, na wanao, na jamaa wote wa Tunguu walioko huko. Hamid anakusalimu kwa woga. Bi Saadiya jirani, wajina wa binti yako, anakuombea dua kila baada ya sala, na yeye amekwisha kuomba kiti cha siku hiyo. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe umri na uwezo wa kusikia.

Ukitaka jina lako litoke, panda ndege uje ulifute kwa mkono wako. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele, na Riyama ameahidi kukupisha kwenye sanduku.

Mdogo wako akupendaye, unune usinune,

Mize binti Pandu