Maziwa ya Jioni

Jumatatu, 3 Machi

Saa mbili niko kwenye kiti. Chai, mandazi mawili, kompyuta. Siku ya sita sasa. Naagiza malipo ya majaribio, kampuni ya simu inapokea, inatuma jibu, jibu halinifikii. Shilingi kumi za uongo kwenda kwa nambari ya uongo, na zimeninyima raha wiki nzima.

Saa sita nimelipata kosa. Cheti cha usalama cha tovuti yangu kilikuwa nusu. Jibu lilikuwa linakuja, linakataliwa kuingia, linarudi. Nimerekebisha. Skrini ikaandika, "Malipo yamekamilika." Nimesoma mara tatu, nikajipigia makofi peke yangu. Mwenye duka la dawa za mifugo hapa chini akagonga dari na fimbo ya ufagio. Agonge.

Kazi hii ni ya ushirika wa maziwa, huko juu kati ya Keringet na Olenguruone. Wanataka tovuti inayoweka rekodi ya maziwa na kuwalipa wakulima kwa simu. Wanaume wawili wa hapa mjini walimshauri mwenyekiti anunue mfumo uliotengenezwa tayari, asijihatarishe na msichana. Akanipa mimi. Sijasahau hilo, na wale wawili pia sijawasahau.

Nimeunda hivi: mwanachama mmoja, nambari moja ya simu. Nambari ya pili haiingii hata ulazimishe. Safi kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda juu. Baridi ya kule si mchezo. Matope tele, na mimi na viatu vya mjini.

Karani anayepima maziwa anaitwa Chepkemoi. Mpole, mwandiko mzuri, haongei ovyo. Mezani ana vitabu viwili, cha bluu cha maziwa ya asubuhi na chekundu cha maziwa ya jioni. Tangu waletewe tangi la kupoza wanapokea mara mbili kwa siku. Nikamwonyesha jinsi vitabu vyote viwili vinavyoingia mahali pamoja.

"Zote zinaenda kwa mtu mmoja?" akauliza.

Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo raha ya mfumo. Akaniongezea chai. Nilidhani amevutiwa.

Ijumaa, 14 Machi

Malipo ya kwanza ya kweli. Nimebonyeza saa nne asubuhi. Mistari ikaanza kugeuka kijani, mmoja mmoja, kuanzia juu hadi chini. Mia mbili na kitu. Hakuna hata mmoja uliokwama. Mwenyekiti amepiga simu na sauti ya mtu aliyeshinda kura. "Engineer, umetutoa ushamba." Nimenunua nusu kuku na chipsi. Sikumwekea mtu.

Saa kumi na moja Chepkemoi amepiga. Kina mama wamejaa dirishani kwake, wanauliza pesa zao. Pesa gani, nimeuliza, si zimeenda zote? Hakueleza. "Madam, wewe kuja tu."

Jumamosi, 15 Machi

Sasa najua.

Maziwa ya asubuhi ni ya mzee wa boma. Ya jioni ni ya mama. Imekuwa hivyo kabla ya ushirika, kabla ya tangi, kabla ya simu. Haijaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kitabu chekundu kilikuwa chao. Kila wiki mbili Chepkemoi aliwapa noti mkononi, pale dirishani. Chumvi, sare za shule, sadaka, mchango wa chama, dawa ya kifua cha mtoto, vyote vilitoka kwa maziwa ya jioni. Na mimi nimetuma kila kitu kwa waume zao, kwa sababu ndio wenye hisa, na nambari zao ndizo nilizopewa.

Hakuna aliyenipigia kelele. Afadhali wangepiga. Wengine waume zao walirudisha jana hiyo hiyo bila kuulizwa. Wengine waume zao walionekana senta, pale madukani, na kofia mpya.

Kogo Taprandich ndiye aliyenikalisha kwenye kreti. Kogo ni nyanya, na huyu ana miaka sabini na zaidi. Akaniambia polepole, kama unavyomweleza mgeni njia ya choo.

"Hesabu yako ni sawa. Hakuna kitu imepotea. Ulikosea tu mwenye maziwa."

Masikio yaliniwaka. Nilikuwa nimeulizwa swali hilo na Chepkemoi, kwa Kiswahili, uso kwa uso, na nikajibu kwa kujisifu. Nimesema mbele yao wote kwamba nitarekebisha. Basi nitarekebisha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefanya. Kila boma sasa lina nafasi ya nambari mbili. Mizani yao ya umeme inaandika saa ya kupima, kwa hivyo mfumo wenyewe unajua asubuhi ni ipi na jioni ni ipi. Kazi ya siku moja. Ningeuliza swali moja tu mwanzoni, ingekuwa kazi ya dakika kumi.

Nimemtumia mwenyekiti aone.

Jumanne, 18 Machi

Amekataa. Ujumbe mrefu. Mwanachama ni mwenye hisa, na hisa ni za wazee. Ushirika haujui mke wa mtu. Nambari ya pili italeta vita ndani ya maboma ya watu. Niitoe kabla ya malipo ya tarehe ishirini na nane. Nikikataa, nisahau sehemu ya mwisho ya malipo yangu, na watatafuta mtu mwingine.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Nimeandika jibu la kurasa mbili. Nimelifuta. Nimeandika lingine: "Sitaitoa." Nimetuma kabla moyo haujabadilika.

Jumatano, 19 Machi

Sijaitoa.

Ijumaa, 21 Machi

Mwenyekiti si mtu mbaya. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Angekuwa mkora ningelala vizuri. Ni mtu aliyeniamini wakati wengine wananicheka, na sasa ananiambia nirudi nikakae mahali pangu, kwa upole, kama baba.

Leo ameomba maneno yote ya siri ya mfumo. Ningeweza kumnyima. Ningeweza kuufunga mfumo wote kutoka hapa na wasilipane hata shilingi. Nimefikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini mfumo ni wao, hata wakinikosea.

Nimemtumia yote. Nikamwongezea maelezo: faili ni hii, mstari wa mia tatu na kumi na nne, ukiufuta mstari huo na kuhifadhi, mama hawalipwi tena. Ni kufuta mstari mmoja tu. Nikamwandikia kwamba mkono wangu haufuti, afute kwa wake.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeangalia. Mstari upo.

Jumatatu, 24 Machi

Chepkemoi amenipigia akicheka, mara ya kwanza kumsikia. Tangu Jumanne, habari za kukataa kwa mwenyekiti zilipowafikia, maziwa ya jioni hayaji. Hakuna mkutano ulioitwa wala barua iliyoandikwa. Kina mama wanakamua, ndama wanashiba, basi. Dereva wa lori linalochukua maziwa analalamika kwamba anapanda mlima wote ule kufuata tangi nusu.

Na nyumbani ni strungi. Chai bila maziwa, asubuhi na jioni, boma baada ya boma. Kule juu kumpa mtu strungi na ng'ombe wanalia nje ni kumwambia jambo zito bila kufungua mdomo. Jumapili mwenyekiti alipata wageni, pasta na wazee wawili wa kanisa. Mke wake akatoa vikombe vya wageni, vile vya kabati, akawamiminia strungi kwa adabu zote. Akauliza kama sukari inatosha.

Nimecheka mpaka nikagongewa dari.

Jumanne, 25 Machi

Mwenyekiti amenipigia. Anasema nimewachochea. Nikamwambia sijawahi kukamua ng'ombe maishani mwangu, na hata namba ya Kogo sina. Halafu kwa sauti ya chini akauliza kama huo mstari unaweza kubaki bila katiba ya ushirika kuvunjwa. Nikamwomba anitumie katiba.

Nimeisoma yote. Kurasa arobaini, na nusu yake ni jinsi ya kumwondoa mweka hazina. Lakini kifungu cha malipo kinasema mwanachama atalipwa yeye, "au mtu atakayemteua." Kimekuwa hapo miaka yote.

Nimetayarisha fomu ya ukurasa mmoja. Jina la mwanachama, jina la anayemteua kwa maziwa ya jioni, nambari yake, sahihi. Nimechapisha nakala mia tatu kwa pesa zangu. Sina pesa, lakini nimechapisha.

Alhamisi, 27 Machi

Mkutano wa wanachama, kwenye ukumbi wa kanisa. Wanaume kwenye viti, wake zao wamesimama nyuma na nje ya madirisha. Nilivaa gambuti za mpira za kuazima.

Mwenyekiti alisoma kifungu. Akasoma tena. Hakusema kama anaunga mkono. Mzee mmoja akauliza mimi ni nani hata niingie kwa nyumba yake. Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyeondoa pesa mikononi mwa wake zenu tarehe kumi na nne, bila kuuliza, na nimekuja kuzirudisha. Anayetaka kuniambia nilifanya vizuri, aseme hapa mbele ya wote hawa.

Kisha mume wa Kogo Taprandich akainuka na fimbo yake.

"Mimi sijui maneno ya vifungu. Mimi nataka chai. Leta hiyo karatasi."

Ukumbi ulicheka, na foleni ikaanza.

Si wote. Saba walitoka bila kuweka sahihi. Niliwaona wake zao wakiwafuata nje, macho chini. Nilitaka kuwakimbilia, nikabaki nikikusanya fomu. Maboma yao yatabaki na nambari moja, na ni mimi nitakayebonyeza. Hilo nimelibeba mpaka nyumbani.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi imeenda kwa wazee. Jioni imeenda kwa kina mama. Nilikuwa nasoma majina yakigeuka kijani. Sikununua kuku.

Pesa zangu za mwisho hazijatumwa. Nimemkumbusha mwenyekiti. Nitamkumbusha kila Jumatatu mpaka achoke yeye.

Malipo ya mtu mmoja yamebaki yakingoja. Kogo Taprandich. Mzee wake alitia sahihi wa kwanza, lakini kwenye nafasi ya nambari Chepkemoi amechora kistari. Nimempigia kuuliza. Kogo hana laini ya simu. Hajawahi kuwa nayo. Maisha yake yote alilipwa mkononi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimepanda kumwona. Kulikuwa na jua na upepo, njia imekauka.

Tukaenda duka la senta, mimi, yeye na mzee wake. Kitambulisho alikuwa amekifunga kwenye kitambaa, na kitambaa ndani ya kingine. Mwenye duka akamsajili laini, akaiweka kwenye simu ndogo ya vitufe, akamweleza kwamba sasa achague nambari ya siri, tarakimu nne. Akamshauri achague kitu rahisi, mwaka wa kuzaliwa kwa mfano. Mzee wake akataja mwaka. Mimi nikanyoosha mkono nimsaidie kubonyeza.

Kogo akaivuta simu kifuani.

"Ni ya siri ama si ya siri?"

Mwenye duka akasema ni ya siri.

"Basi geukeni."

Tukageuka, wote watatu. Mzee wake akatazama barabarani. Mimi nilitazama mifuko ya chumvi kwenye rafu na kusikiliza vitufe vikilia, polepole, vinne, kisha tena vinne.