Msoma Taa wa Kiti cha Kulia

Jumatatu, 8 Juni 2015

Baridi ya kukata masikio. Saa kumi na moja alfajiri tumeshakaa garini, Gróver kushoto na usukani wake, mimi kulia na dashibodi yangu. Gari lilitoka Japani likiwa na usukani kulia. Mafundi wa mpakani waliuhamishia kushoto, kama sheria ya huku inavyotaka, dashibodi wakaiacha palepale. Kwa hiyo mume wangu anaendesha teksi mji mzima wa Cochabamba bila kuona hata mwendo wake. Mimi ndiye ninayemsomea. Huu mwaka wa kumi na moja.

"Bi mkubwa, huko kwako kuna nini?" Kama kila siku.

"Birika, sanduku na mkia wa nguruwe. Vyote vinawaka."

Birika ni taa ya oili, sanduku ni ya betri. Mkia wa nguruwe ni kile kiwaya kilichojikunja – injini ya dizeli inapashwa moto kwanza, na hairuhusiwi kuwasha mpaka mkia uzime. Nikasubiri. Ulipozima nikasema, "Sasa." Akawasha. Birika na sanduku navyo vikazima.

Moja haikuzima. Ya njano, chini kabisa, yenye herufi. Taa ya mkanda wa injini! Iliwaka mara ya mwisho miaka saba iliyopita, kilomita laki moja nyuma, fundi Casto akabadilisha mkanda.

"Vimezima vyote?"

"Vyote," nikasema.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Hapana. Najua sana.


Jumanne, 9 Juni

Basi niandike, kwani nani atasoma.

Tangu Pasaka Gróver ana wimbo mmoja: siku mkanda utakapotaka kubadilishwa, gari litalala gereji, na Casto ahamishe na dashibodi upande wa kushoto. Daktari amesema magoti yangu hayataki baridi wala kukaa kutwa. "Utapumzika nyumbani, Asunta." Anasema kwa upole, ndiyo maana siwezi hata kumkasirikia. Lucio, dereva mwenzake pale kituoni, naye anachochea. Anasema kiti changu kinakula nafasi ya abiria.

Nyumbani! Tangu binti yetu Yobana aolewe huko Villa Tunari, ng'ambo ya milima, nyumbani kuna friji na saa ya ukutani. Kwenye kile kiti cha garini ndiko nilikomlilia mama. Ndiko tulikogombana mwaka mzima wa 2009 na ndiko tulikopatana, taa nyekundu za barabarani zikituvumilia. Nyumbani tunalala tu. Tunaishi garini.

Leo alfajiri nimefanya jambo. Gari linanguruma, yeye ameshuka kufungua geti. Kwenye kioo cha dashibodi kuna kizibo cha mpira, kidogo kama punje ya dengu. Mwaka ule nilimwona Casto akikichomoa na kuchomeka waya. Mimi nimechomeka sindano yangu nyembamba ya kufumia. Nikabonyeza. Taa ikazima.

Nikadondosha kofia ninayomfumia mtoto wa Yobana. Taa imezima lakini mkanda ni uleule, najua hilo vizuri.

Gróver akarudi, akaniangalia usoni kidogo, akafunga mlango.


Alhamisi, 11 Juni

Mkono wa miwani yangu umelegea tena, nimeufunga kwa uzi. Nikamwambia Gróver safari hii nanunua mpya, vioo vidogo kama vya Yobana, sio hivi vya kunifanya bundi.

"Usibadilishe," akasema.

"Kwa nini?"

"Hiyo mikubwa inakupendeza."

Miaka thelathini na tatu ya ndoa na hajui gauni gani ninalo, lakini miwani ana maoni. Tukanywa api ya moto, uji wa mahindi, kibandani kwa Doña Sabina, na andazi moja tukagawana. Akanipa upande wenye jibini nyingi.


Jumamosi, 13 Juni

Yobana amepiga simu. Mtoto ana siku arobaini, anataka kumleta tumwone. Gróver akanipokonya simu: "Msipande basi! Jumapili ijayo, tarehe ishirini na moja, nakuja kuwachukua mwenyewe." Alipokata simu alikuwa anatabasamu peke yake. Halafu tabasamu likaisha, akawa anatazama nje.

Tarehe ishirini na moja. Kupanda milima mpaka kwenye ukungu, kisha kuteremka saa nzima na zaidi, kona baada ya kona, malori mbele na nyuma. Casto alishanieleza: mkanda ukikatika, injini inazima palepale. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu. Na katika kurudi, kwenye kiti cha nyuma atakuwepo mtoto ambaye kofia yake ninayo hapa mkononi, imebaki mistari minne.

Nina siku nane za kusema.


Jumapili, 14 Juni

Misa. Sikupanga foleni ya komunyo. Gróver alikwenda, akarudi, akanishika mkono mpaka mwisho.


Jumatano, 17 Juni

Bado sijasema. Kila alfajiri nafungua mdomo linatoka "birika".

Na Gróver ana jambo. Juzi alimkataa abiria wa kwenda Sacaba, nje ya mji, eti tumbo. Jana alimkataa mwingine wa milimani, mtu wa kila mwezi, mlipaji mzuri. Tumbo tena. Lakini supu ya karanga alikunywa mabakuli mawili! Anaendesha polepole, mitaa ya tambarare tu. Leo Lucio amempigia kelele pale kituoni.

"Gróver! Umebeba mayai?"

"Nimebeba mke," akajibu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nina hofu. Kama ni ugonjwa ananificha? Nami ninamficha. Tumekaa karibu hivi, magoti yetu yanagusana kwenye kona, kila mmoja na la kwake. Ananitazama usoni zaidi ya zamani pia. Nikigeuka, anaangalia barabara.


Ijumaa, 19 Juni

Nimesema.

Alfajiri, kama kawaida. Funguo, taa zote zikawaka. Mkia wa nguruwe ukawaka, ukazima. Zamu yangu ya kusema "Sasa." Sikusema. Gróver akasubiri. Mkono kwenye funguo, pumzi yake inatoa moshi kwa baridi. Akasubiri sana. Hakuniharakisha.

Nikayamwaga yote. Taa ya njano. Sindano. Kwamba nilimweka yeye na abiria wake juu ya mkanda uliochoka ili mimi nibaki na kiti. Kwamba kesho kutwa ningemweka na mjukuu. Nililia mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ya mkanda. Iliwaka Jumatatu ya wiki iliyopita. Jumanne ikawaka tena, nikaenda kufungua geti, niliporudi haikuwepo. Nikasema, mke wangu amepata kazi kwa Casto."

"Uliionaje? Huko kwako huoni kitu!"

Akanyoosha kidole, akagonga kioo cha miwani yangu. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi. "Hapa. Kukiwa na giza zinaonekana zote. Birika huku, mkia huku. Hivi vioo vikubwa."

Miaka kumi na moja! Kila alfajiri ananiuliza huko kwako kuna nini, na mwenyewe anaona.

"Sasa ulikuwa unaniuliza ya nini?"

Akashika usukani kwa mikono miwili, akaufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Ndipo nikapata hasira, na nilikuwa na haki kidogo. Nikamwambia: ulijua, ukaendelea kuendesha? Wewe na mimi nani kichaa? Akasema ndiyo maana hakwenda hata Sacaba, ndiyo maana tumbo. Safari za mjini alidhani mkanda utazivumilia. Nikamwambia injini haijui kama unadhani. Akakubali kwamba amekosea. Alitaka niseme mwenyewe, akasema. Kama nisingesema mpaka Jumamosi jioni, angesema yeye. Basi hapo tulikuwa wapumbavu wawili ndani ya gari moja.

"Na kwa nini unataka kuihamisha dashibodi, kama unaona?"

"Kwa sababu ya magoti yako, Asunta. Ipo siku utashindwa kuja. Nikikuacha nyumbani, nitazisoma kwenye nini?"

Kisha akasema, "Mkia umezima?"

"Umezima zamani."

"Basi niambie."

"Sasa," nikasema.

Akawasha, tukaenda kwa Casto, mwendo wa mayai.


Jumamosi, 20 Juni

Nipo gereji. Naandikia magotini. Nimekalia kiti changu chenyewe – wamekitoa garini ili wapate nafasi, wakakiweka uani juani. Magoti yamefurahi.

Casto ameutoa mkanda. Akanipa niushike. Nilidhani utakuwa kama uzi, ni mpana kama mshipi wa Gróver, umepasuka mgongoni wote. Meno mawili hayapo. Nimegusa pale pasipo na meno nikamwaza Yobana, nikaurudisha haraka.

"Doña Asunta," Casto akasema, "taa haiumwi. Wewe ulimnyamazisha aliyekuwa anakuita."

"Nimesikia, Don Casto."

"Hujasikia. Sema tena."

"Taa haiumwi."

Gróver alicheka mpaka akakohoa. Mbaya huyu.

Mkanda mpya ulipoingia na injini ikajaribiwa, Casto aliniita. Taa haikuwa inawaka, lakini sindano yangu ilianzisha hesabu ya kilomita ya uongo juu ya mkanda wa zamani, inabidi ianze upya leo, na mkanda wa leo. "Sasa ndiyo unaruhusiwa," akasema. Nikachomeka sindano ileile. Nikabonyeza.

Kisha akaing'oa dashibodi. Iko mezani mbele yangu, nyaya zinaning'inia nyuma yake. Sikuwahi kuiona mgongo. Ndogo kuliko nilivyodhani.

Kofia ya mtoto nimeimaliza. Kesho saa kumi na moja tunaondoka, hilo halina mjadala. Lakini Casto ametoa kichwa garini, anataka kujua akate nyaya aipeleke dashibodi kushoto kwa bwana, au airudishe kulia kwa bibi. Akikata hairudi, anasema, chagueni.

"Muulize yeye," Gróver amemwambia.

Mimi! Nikisema kulia, ipo alfajiri magoti yatagoma na huyu mtu ataondoka peke yake, kipofu wa taa zake. Najua hivyo. Nikisema kushoto, ataona kila kitu mwenyewe, salama, na hatakuwa na sababu ya kuniuliza. Ingawa hakuwahi kuwa nayo. Miaka kumi na moja hakuwa nayo, na hakukosa kuuliza hata siku moja.

Casto anagonga bati kwa spana. "Jamani, jua linakwenda."

Nimenyanyua macho kutoka hapa. Gróver amesimama mbele yangu, mikono ina grisi, ananitazama. Sio machoni. Anatazama miwani, mchana kweupe, hakuna taa hata moja inayowaka.

"Bi mkubwa," anasema, "huko kwako kuna nini?"