Mashimo ya Bibi Vitalia

Maguu
28 Agosti 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha tangu Jumatano. Bibi anaendeleaje? Mkono wake uliopooza umepata nguvu hata kidogo? Hapa kwa Baba Mdogo Wilfred wote ni wazima, ila mbuzi mmoja ametupa mimba.

Nilikwenda kwenye kikao cha akina mama wa bustani kama ulivyoniagiza. Nilisimama nikasema maneno yote uliyonifundisha, kwamba umekwenda ziwani kumuuguza mama yako na wala hukuihama bustani. Mwenyekiti, Mama Hilda, akauliza, "Mtoto wa miaka kumi na mitatu ataiweza ndoo?"

Mama Bonifasia akacheka. "Ndoo ndiyo itakayombeba yeye."

Bibi Vitalia ndiye aliyenitetea. Alisema kipande chako kiko juu ya chake pale mtelemkoni, kikikauka yeye atakuwa wa kwanza kukiona, kwa hiyo waniache nijaribu. Wamekubali kwa sharti moja. Mvua zikianza wakakuta kipande kimekauka au kimeharibika, watampa mtu mwingine.

Baba Mdogo amesikia habari hizo. Tulipokuwa tunakula alisema, "Mjane asiye na mahali pa kuweka jembe hapa hana sababu ya kurudi hapa." Hakunitazama. Shamba la kahawa la marehemu baba ameshalichukua, ingawa naye halimfai sana, maana mwaka huu chama cha ushirika hakikumkopesha mtu mbolea wala dawa, na wanunuzi wapya wanakuja na magari yao na bei yao. Kwa hiyo kipande cha bustani ndicho pekee kinachoitwa kwa jina lako. Sitakiachia.

Mwanao,
Avelina


Kihagara
10 Septemba 1994

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kikohozi kimekwisha. Mimi ni mzima. Bibi yako hajanyanyuka, lakini Jumapili alisema neno lake la kwanza tangu Julai: alimwita mbuzi wa jirani kwa jina langu. Nikaitika. Ningefanyaje?

Barua hii anakuletea Mama Winifrida, muuza usipa, anayepanda huko na vikapu vyake. Nawe mpe zako. Usipa niliofunga kwenye gazeti ni wako na Bibi Vitalia. Mama Bonifasia usimpe hata jicho la samaki.

Umwagilie asubuhi, jua halijapanda. Maji yatie ndani ya shimo la ngolo, katikati ya kingo zake nne, usimwage juu ya majani. Kila gugu unalong'oa litupe humo humo shimoni lioze. Kingo zikipasuka zizibe siku hiyo hiyo. Mimi mtu wa ziwani nilijifunza hayo kwa aibu, siku moja nitakusimulia.

Nitarudi kabla ya Krismasi, ukikishika kipande. Bila kipande sijui nitarudi kwa nani.

Mama yako


Maguu
2 Oktoba 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mabega tu yananiuma. Bibi amesema neno jingine? Bibi Vitalia anashukuru kwa usipa. Alikula vichwa kwanza, akasema nyama ataisikilizia kesho.

Mama, kijito kimepungua. Sasa tunateka kwa kikombe hadi ndoo ijae. Mashimo ya ngolo yanameza maji mengi, na nyanya ziko juu kwenye kingo. Kuna siku nateka ndoo ishirini na mbili, nikifika shuleni kengele imeshalia.

Mwalimu Wendelin ametufundisha kilimo cha kisasa. Alichora ubaoni matuta yaliyonyooka, na mfereji mdogo katikati yake. Nimeinakili picha kwa rula. Maji yanayohitajika ni nusu. Kipindi cha pili cha somo hilo sikukipata kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kumwagilia, lakini picha ninayo.

Naomba ruhusa nifukie mashimo, nipige matuta. Nisipopata jibu hadi tarehe 16 nitajua umekubali, kwa sababu nyanya haziwezi kungoja zaidi ya hapo.

Mwanao,
Avelina


Kihagara
12 Oktoba 1994

Avelina mwanangu,

Salamu zote baadaye. Usiyaguse mashimo.

Mchoro wa mwalimu wako hauna kosa, ni wa mahali tambarare. Bustani yetu iko mtelemkoni. Sasa hivi shimo linakunywa maji yako, unalichukia, nakuelewa. Mvua ikija, shimo lile lile ndilo linalokamata maji yasishuke na udongo. Ukilifukia, maji yatapita kwako yakimbilie kwa Bibi Vitalia. Heri nyanya zife zote. Kipande chenye nyanya zilizokufa nitakuja kukiombea mwenyewe.

Mama Winifrida amevimba mguu, hajapanda juma hili. Nampa barua hii leo ili akipata nafuu asiondoke bila hiyo. Mtu mwingine wa kuja huko sijampata.

Mama yako


Maguu
30 Oktoba 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bibi mnaendelea vizuri. Sijapata barua. Nilingoja hadi tarehe 16, nikaongeza siku mbili kwa heshima yako, kisha nikafanya.

Nimefukia mashimo yote ishirini na manne. Nilipiga matuta sita kwa kamba, yamenyooka kama mistari ya daftari. Ndoo zimebaki kumi na moja. Mama, nyanya zimebeba! Kabichi zimeanza kufunga. Mama Hilda aliwaleta wenzake wakazitazama, akasema, "Huyu wa ziwani anatupita." Mama Bonifasia naye alinyamaza, na unajua jinsi anavyopata shida kunyamaza.

Bibi Vitalia peke yake hakusifu. Alisimama mwisho wa matuta yangu, pale kipande chake kinapoanzia, akatazama juu mlimani muda mrefu. Akauliza, "Mama yako amesema ufanye hivi?"

Nikasema ndiyo.

Nimekuandikia hilo kwa sababu ni uongo, na sitaki liwe kati yako na mimi. Kwake nitaliungama utakapokuja.

Mwanao,
Avelina


Maguu
27 Novemba 1994

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali.

Mvua ilianza Jumatano saa nane mchana, tukiwa darasani. Haikuanza kidogo kidogo. Mwalimu Wendelin aliacha kufundisha kwa sababu bati zilikuwa zinapiga kelele. Nilitazama daftari langu, ile picha ya matuta, na ndipo nilipouona mtelemko ambao haumo katika picha. Niliruka dirishani nikakimbia.

Nilipofika matuta yalikuwa yameshakatika. Maji yalikuwa yanashuka katika mifereji yangu iliyonyooka, mekundu, yamebeba kabichi zikiviringika. Nilikaa katikati ya mfereji ili niyazuie kwa mwili. Yalinipita pande zote mbili.

Vipande vya wenzetu vyenye ngolo vimesimama. Mashimo yamejaa maji, basi. Kilichokwenda ni chetu, na kilichozikwa ni cha Bibi Vitalia. Udongo wetu wote umelala juu yake, hadi magotini. Mboga zake, vitunguu vyake, na viazi alivyokuwa ameviacha ardhini avile Januari, mwezi wa njaa. Unajua hana mtoto wala shamba jingine.

Kikao kilikuwa Ijumaa. Mama Bonifasia alisema, "Mama yake alimruhusu. Mtu wa ziwani ni wa ziwani tu." Nikasimama nikasema hukuniruhusu, nilidanganya. Hapo hakuna aliyecheka. Bibi Vitalia alikuwa anakwangua matope kwenye jembe lake kwa kijiti. Kipande amepewa Mama Bonifasia.

Baba Mdogo ameniambia nikuandikie kwamba mambo yako huku yamekwisha.

Jana Mama Winifrida alifika akichechemea, akanipa barua yako ya tarehe 12 Oktoba. Nimeisoma mara moja tu.

Avelina


Kihagara
18 Desemba 1994

Mwanangu,

Pole. Nami nipe pole: Bibi yako tumemzika tarehe 3. Alikwenda asubuhi, ameshika kidole changu kwa ule mkono mzima.

Nilisema siku moja nitakusimulia. Mwaka nilioolewa, niliona mashimo ya mama mkwe wangu, nikadhani ni uvivu wa kusawazisha. Nikayafukia, nikapiga matuta kama tunavyopigia mihogo huku mchangani. Niliyafukia matano kabla Bibi Vitalia hajaninyang'anya jembe. Aliyachimba upya mwenyewe, siku nzima, mimi nimekaa pembeni nikilia. Hakumwambia mtu hadi leo. Ndiyo maana alikuuliza kama nimekuruhusu. Nilipaswa kukusimulia Septemba, badala ya kufanya mzaha juu ya samaki. Kosa hilo ni langu, nawe usilibebe.

Sasa sikiliza. Huko sina tena mahali. Nyumba ya Bibi iko wazi na shule ipo hapa. Mama Winifrida atapanda katikati ya Januari. Funga nguo zako na daftari zako ushuke naye. Usibishane na baba yako mdogo. Muage, muamkie, ushuke.

Mama yako


Maguu
22 Januari 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba. Nimemwombea Bibi kwenye misa Jumapili mbili. Mimi ni mzima.

Barua hii anakuletea Mama Winifrida, na utaona kwamba amekuja peke yake. Naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Siku iliyofuata Mwaka Mpya nilikwenda kwa Bibi Vitalia kuungama ule uongo. Nilimkuta anachemsha majani ya maboga bila chumvi. Alisema, "Nilijua. Mama yako asingesema hivyo mara ya pili." Nikamuuliza atakula nini hadi mavuno. Akasema hilo si swali la mtoto. Tangu siku hiyo ninampelekea nusu ya ugali wangu. Mama Mdogo anajua, anajifanya haoni.

Anakohoa tangu Krismasi na miguu imevimba. Lakini kila nikitoka shule tunashuka bondeni kwenye kipande chake, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunielekeza kwa fimbo. Kwanza nilihamisha udongo wetu, kazi iliyochukua siku kumi. Kisha akanifundisha. Unalaza nyasi ziwe miraba, unachimba katikati, udongo wa shimo unaufunika juu ya nyasi kwenye kingo nne. Wakati wake hasa ni Machi, mvua zikikaribia kuisha, ili maharage yapandwe juu. Yeye hataki kungoja Machi. La kwanza nilipolimaliza alilitazama akasema, "Hilo ni bakuli la paka. Ongeza kina."

Nimeshachimba tisa. Bado kumi na saba. Juzi mvua ilinyesha sana, nikakimbia tena kutoka shuleni. Yote tisa yalikuwa yamejaa maji, yametulia, na chini yake udongo ulikuwa mahali pake.

Kipande si chetu, Mama. Hata mashimo haya hayatakuwa yetu. Nitashuka Aprili, nikishampandia maharage yake, na nitakaa huko na wewe kama ulivyosema. Ukiona vema kuja Machi kumsalimu, yeye haulizi ulikotoka.

Akina mama wanasema hatayaonja maharage hayo. Jana Mama Bonifasia aliniambia usoni, "Unamchimbia nani?" Bibi Vitalia alikuwa ameinua fimbo, ananionyesha la kumi lianzie wapi.

Mwanao,
Avelina